Mto Mara tunaouona kwenye televisheni ni kipande tu. Tuujadili mto wote, kuanzia Mau hadi Kirumi

#1 JiweLaBismarck (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Kuna uzi wa utalii wa ndani mtu kaandika kwamba Mto Mara "ni wa Kenya, sisi tunao mpaka tu", na watu wakamgongea dole gumba kibao. Sikutaka kuharibu uzi wa mwenzetu kwa ubishi, nikaona bora nifungue wa kwangu.

Hoja yangu ni hii. Nyumbu wanaojitosa majini huku mamba wakisubiri ni tukio la kilomita chache za katikati, kwenye mto wenye urefu wa kilomita 395 hivi. Kipande kinachotuhusu zaidi sisi tunaoishi ziwani ni cha mwisho kabisa, lile tingatinga (kinamasi) la mafunjo ambalo wengi tunalipita tukiwa ndani ya basi la Sirari tumesinzia. Huko hakuna kamera, na huko ndiko mto unakolipa madeni yake yote.

Unaanzia msitu wa Mau, Kenya, kwenye kinamasi kinachoitwa Enapuiyapui, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za ukungu na baridi, koti halivuliwi. Kutoka huko yanashuka maji kwa njia mbili: Nyangores, unaopita upande wa Bomet kwenye chai na mahindi, na Amala, upande wa Narok. Vikishakutana ndipo tunapata Mara wenyewe. Na hivi viwili ndivyo vinavyoubeba mto wakati wa kiangazi. Talek na vijito vingine vya nyikani vinachangia sana mvua ikinyesha, ila kiangazi kikikaza usivitegemee. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya Mara mwezi wa tisa asiulize Serengeti kumenyesha kiasi gani, aulize Mau imebaki na miti mingapi.

Bonde zima lina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Theluthi mbili hivi ziko Kenya, theluthi moja kwetu. Aliyesema mto "ni wa Kenya" alikuwa na theluthi mbili za ukweli, tumpe haki yake.

Kutoka nyanda za juu mto unaingia tambarare, unaukuta ukuta wa Isuria (Wakenya wanauita Oloololo au Siria), unajipindapinda chini yake, kisha unavuka mpaka na kuingia kaskazini ya Serengeti. Kogatende iko ukingo wa kusini. Ng'ambo, kati ya mto na mpaka, ni pembe ya Lamai. Hapo ndipo nyumbu wanapovuka kati ya Julai na Oktoba, wakienda na kurudi na kwenda tena, maana hawavuki mara moja wakamaliza kama watu wanavyodhani.

Kwa nini wafuate mto huu na siyo mwingine? Kwa sababu Serengeti yote haina mto mwingine unaotiririka mwaka mzima. Grumeti na Mbalageti, ambayo ni ya kwetu kabisa na inamwaga Ghuba ya Speke, kiangazi inakatika na kubaki madimbwi, viboko na mamba wamebanana humo. Nyumbu milioni 1.3 hawawezi kunywa dimbwi. Mwaka ambao Mara itakatika hakuna mto wa akiba.

Sasa sehemu inayonivutia mimi. Watafiti wa Marekani, Amanda Subalusky na wenzake, walikaa miaka wakihesabu mizoga. Matokeo yao ya 2017: kwa wastani nyumbu 6,250 wanazama kila mwaka, sawa na tani 1,100 za nyama, ngozi na mifupa. Mamba na tai wanakula sehemu ndogo tu. Nyama laini inaisha ndani ya wiki kadhaa, lakini mfupa unakaa majini hadi miaka 7 ukiachia fosforasi kidogo kidogo. Kwa hiyo samaki wa Mara wanakula nyumbu hata miezi ambayo nyumbu wako Ndutu, kusini kabisa, wanazaa.

Ongeza viboko. Kwenye kipande cha upande wa Kenya wapo zaidi ya 4,000. Usiku wanakula majani nchi kavu, mchana wanashinda majini wakinya. Christopher Dutton na wenzake walikadiria kilo 8,500 kwa siku. Kiangazi uchafu unatua chini ya madimbwi ya viboko, unaoza, oksijeni inaisha. Mvua kubwa ikija juu, maji yale meusi yanasukumwa kwa mkupuo kuelekea chini na samaki wanakufa wengi kwa mpigo. Ndani ya miaka mitatu waliyopima waliona mikupuo 49, na 13 kati yake ilishusha oksijeni kiasi cha kuua samaki. Hakuna kiwanda pale. Ni nyika tupu.

Ukitoka hifadhini mto unapita kati ya wilaya ya Serengeti na Tarime, unashuka kati ya vijiji na mashamba na maeneo ya dhahabu, halafu ardhi inalala. Maji yanakosa mteremko, yanatawanyika. Hapo linaanza tingatinga, wengine wanaliita Masurua. Mafunjo, matete, mikondo inayohama. Butiama kusini, Rorya na Tarime kaskazini. Yote yaliyobebwa kutoka Mau, udongo wa mashamba, samadi, mifupa, yanatua hapa kabla ya Daraja la Kirumi na Ghuba ya Mara.

Wajuvi karibuni. Nawasilisha.

#2 Kulwa_wa_Buzuruga

Nimesoma mpaka mwisho, na mimi huwa sisomi nyuzi ndefu. Bila picha lakini? 😀

#3 DerevaWaPorini

Mkuu heshima kwako. Napeleka wageni Kogatende kila msimu, niongezee nyama.

Wavukaji wanazo sehemu zao, na sisi madereva tumezipa namba. Utasikia kwenye redio "namba nne wamejaa", magari yote yanakimbilia huko. Sehemu yenyewe siyo siri: ukingo umekatwakatwa na kwato mpaka umekuwa mteremko wa vumbi, na ng'ambo kuna mahali pa kutokea. Wakiingia pasipo pa kutokea ndiyo unaona wale wanaozama mamia, siyo mamba. Mamba anachukua mmoja. Ukingo mbaya unachukua kundi.

Nilichojifunza ni kuangalia rangi ya maji kabla ya kuangalia nyumbu. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na yanabeba vijiti, mvua imepiga juu huko, hata kama pale tulipo jua linawaka na udongo umepasuka. Lile daraja la chini la zege pale Kogatende linafunikwa haraka sana. Kuna wageni huwa hawaamini kwamba mto unaweza kujaa bila wingu hata moja juu ya kichwa chao. Wanadhani tunawanyima safari.

Na ukikaa upande wa upepo siku ya mizoga, chakula cha mchana hakishuki.

#4 JiweLaBismarck

DerevaWaPorini, hilo la ukingo mbaya ndilo nililotaka mtu aliseme. Watu wanamlaumu mamba bure.

Kulwa, picha utaletewa na wenye kamera, mimi natumia simu ya kioo kilichopasuka.

#5 MkuryaWaNyamongo

Mleta mada umeandika vizuri ila umepita haraka sana pale "maeneo ya dhahabu". Sisi ndio tunaoishi hapo. Mto Tigithe wa huku migodini unaingia Mara, na Tigithe tunaujua. Huwezi kuandika habari za mto huu ukaeleza mavi ya kiboko aya nzima halafu watu ukawapa nusu mstari.

Halafu tukumbushane Machi 2022. Maji pale chini yalikuwa meusi, samaki wanaelea, watu wanakatazwa kutumia maji. Ikaundwa kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza kwenye tingatinga. Ng'ombe! Ng'ombe wetu wamekunywa maji ya mto huu tangu babu zetu, leo ndiyo wameua samaki?

#6 Kulwa_wa_Buzuruga

Hapo sasa. Nchi nzima ilicheka ile ripoti.

#7 JiweLaBismarck

MkuryaWaNyamongo, nimekuelewa na sina ubishi na uchungu wako. Nilipita haraka kwa sababu mtu wa kulieleza hilo ni wewe unayekaa hapo, siyo mimi niliye Mwanza.

Kuhusu 2022, nitasema kitu ambacho hakitapendwa na upande wowote. Tulivyocheka tulichanganya maswali mawili. Swali la kwanza: je, kinyesi na majani yaliyooza vinaweza kugeuza maji kuwa meusi na kuua samaki? Vinaweza, na kwenye mto huuhuu, juu huko, imepimwa kwa vifaa mwaka baada ya mwaka. Hakuna cha kuchekesha. Swali la pili: je, 2022 ilikuwa hivyo tu na hakuna kingine? Hapo ndipo wananchi walipokuwa na haki ya kudai waonyeshwe vipimo kwa uwazi, na hapo ndipo mjadala ulipaswa kukaa. Badala yake tukabaki na vichekesho vya ng'ombe kwenye magrupu, na swali la pili likafa kimyakimya.

Na angalia jiografia ya pale kabla hujamlaumu ng'ombe au kumtetea. Maji yanaingia tingatingani yakiwa yamechoka, yanazagaa chini ya mafunjo ambako jua haliingii na upepo hauyatikisi. Maji ya namna hiyo yana oksijeni kidogo hata siku ya kawaida. Mvua ikija baada ya kiangazi kirefu inasukuma yote kwa pamoja kwenye uwazi wa Kirumi. Babu yako alikuwa na ng'ombe, sawa. Tingatinga la babu yako halikuwa la ukubwa huu.

#8 MjitaHalisi

Hilo la ukubwa ni kweli tupu. Mimi ni wa upande wa Musoma, umri umeenda. Wazee waliotutangulia walikuwa wanalima na kuchunga mahali ambapo leo ni mafunjo matupu. Kuna vijiji upande wa Butiama, kama Buswahili, mtu anakuonyesha kwa kidole shamba la baba yake na wewe unaona maji.

Sababu ni mbili na zinasaidiana. Ya kwanza ni ziwa. Mvua zile kubwa za 1961 na kuendelea zilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita mbili, na kwa miaka mingi halikurudi lilikokuwa. Ziwa likipanda, mto unakuta mlango umeegeshwa, maji yanarudi nyuma. Mei 2020 likapanda tena kufikia kiwango cha 1964, mnakumbuka hata kule Mwanza fukwe na nyumba za watu zilivyoliwa.

Ya pili ni udongo. Misitu ya juu ilipokatwa na mashamba kuongezeka, mto ukaanza kubeba tope ambalo zamani haukuwa nalo. Tope linatua kwenye tambarare, mafunjo yanaota juu yake, mafunjo yanazuia tope jingine. Picha za setilaiti za miaka ya 1970 ukizilinganisha na za 2000, tingatinga limekua mara kadhaa. Kwa hiyo msitu wa Kenya umepungua na tingatinga la Tanzania limeongezeka. Ni udongo uleule umehama.

#9 MamaDagaa_Mwaloni

Shikamoo mzee MjitaHalisi. Jamani mmesahau samaki, na mmejaza wavuvi humu.

Ningu. Vijana wa leo hapa Kirumba Mwaloni ukiwaambia ningu wanakuangalia tu, wao ni sato, sangara na dagaa. Ningu ni samaki wa ziwa anayezaa mtoni. Mvua za kwanza zikishuka na mito kufurika, anapanda kwa makundi kutoka ziwani kwenda juu kutaga kwenye maji ya mafuriko. Mara, Simiyu, Kagera, kote alikuwa anapanda. Sasa mtu anajua samaki atapita hapa mlangoni, wiki hii, kwa wingi, akiwa na mayai tumboni. Atategaje? Alitegwa kwa nyavu za makila, enzi za mkoloni bado, mpaka akaisha. Kabla hata sangara hajazoea ziwa, ningu alikuwa ameshavunjwa mgongo midomoni mwa mito.

Anayebaki tingatingani ni kamongo, maana yule anapanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe. Na kambale. Maji yakiharibika wanaotangulia kufa siyo hao.

#10 MjitaHalisi

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha mbali. Ningu wa kukaushwa na ugali wa mtama, basi tu.

#11 Geita_Moja

Mnasifia kijito. Mto mkubwa unaoingia Ziwa Victoria ni Kagera, unaleta maji ya Rwanda na Burundi, unazidi Mara mbali sana. Na chanzo cha mbali cha Nile kinatafutwa huko, siyo Mau.

#12 JiweLaBismarck

Geita_Moja, upo sahihi na hakuna aliyebisha. Kagera ndiyo mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Nikuongezee hata: sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili haitoki mtoni kabisa, inatoka juu, mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote kwa pamoja ni nyongeza.

Ila ukubwa siyo mada. Ondoa Mara leo, ziwa halitashuka hata ukaona kwa macho. Serengeti itakufa. Na tuliyonayo leo ni ya majuzi tu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa robo milioni hivi kwa sababu ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe. Ng'ombe walipochanjwa na sotoka kuisha, nyumbu wakaongezeka mara tano, wakaanza kusambaa kaskazini kwa wingi. Yaani chanjo ya ng'ombe ndiyo iliyojaza ule mto nyumbu tunaouza kwa watalii. Historia hiyo huwa haisemwi kwenye yale mafilamu.

#13 MkuryaWaNyamongo

Kumbe ng'ombe wana mchango mzuri pia. Kamati iandike na hilo.

#14 DerevaWaPorini

😂😂 Mkurya hasahau.

#15 BwanaShamba_Bunda

Nichangie kwenye la Kenya. Watu wanaona kama wao wanakata miti na sisi tunalia. Ni kweli kwa kiasi, mteremko unaelekea kwetu. Ukichota Nyangores kumwagilia, anayekosa ni wa chini. Na kuna mpango wa siku nyingi huko wa kupeleka maji ya Amala kwenye Ewaso Ng'iro ya kusini kwa ajili ya umeme. Ukitekelezwa kikamilifu, mwaka wa ukame Serengeti tutajua.

Lakini na sisi tusijifanye malaika. Nenda kingo za mto kuanzia unapotoka hifadhini. Sheria inasema mita 60 kutoka ukingoni usilime. Nionyeshe mita 60. Mahindi yanaoga mtoni. Mafunjo yanachomwa moto kila kiangazi ili yaote machanga kwa ajili ya ng'ombe. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria ofisi zake ziko hapo Mwanza, wanaweka vigingi, vigingi vinageuzwa kuni.

Kila Septemba 15 nchi mbili zinaadhimisha Siku ya Mara, tangu 2012, mwaka huu kwao, mwaka kesho kwetu. Hotuba nzuri, fulana, miche inapandwa. Miche ile ikifuatiliwa baada ya mwaka mniite.

#16 Kulwa_wa_Buzuruga

Swali la mlala hoi. Nataka kuona huo mto bila kulipa kiingilio cha hifadhi wala kukodi gari la porini. Inawezekana?

#17 MjitaHalisi

Inawezekana, na ni karibu kuliko unavyodhani. Panda basi la Tarime au Sirari pale Nyamhongolo asubuhi. Utavuka Simiyu ukikaribia Magu. Kama ni kiangazi utaona mchanga na vidimbwi, uangalie vizuri ili upate cha kulinganisha. Lamadi, Bunda, Makutano. Usikubali kupelekwa Musoma mjini, baki na basi la Tarime. Baada ya Makutano mwambie kondakta akushushe Kirumi darajani.

Usisimame katikati ya daraja ukipiga picha, malori hayapunguzi mwendo na askari watakuuliza maswali. Shuka upande wa wavuvi, salimia wazee kwanza, waambie unataka kuona tingatinga. Mtakubaliana bei ya mtumbwi. Nenda asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, na mwenye mtumbwi akisema hapa hatupiti kuna kiboko, usimbishie. Mafunjo yanazidi urefu wa mtu mara mbili, ukiingia kwenye mkondo hujui tena kaskazini ni wapi, na mikondo inahama, njia ya mwaka jana leo imefungwa.

#18 Kulwa_wa_Buzuruga

Shukrani mzee wangu. Mamba je?

#19 MjitaHalisi

Wapo. Usioshe mikono.

#20 MamaDagaa_Mwaloni

Na ukikuta kambale wa moshi pale darajani niletee wawili, nitakurudishia hela. Wasiwe wadogo.